Mkono Unaochora Haujichori

Msomaji mpenzi, ukisafiri kwa basi kutoka Malindi kwenda Lamu utapita Garsen, na pengine utateremka hapo kunyosha miguu na kunywa chai. Usidhani kuwa mji huu wa njia panda, wenye vumbi kiangazi na tope masika, hauna la kusema juu ya sanaa ya uchoraji. Hapa ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza mwanamke akijichora, naye alikuwa mama yangu mzazi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sheria ya vitambulisho ilikuwa imebadilishwa mwaka 1978 ili wanawake nao waandikishwe. Kabla ya hapo kipande kilikuwa jambo la wanaume. Ikatangazwa barazani kuwa wapiga picha wanakuja. Mama hakuwa amepigwa picha tangu azaliwe. Usiku wa kuamkia siku hiyo akatwanga majani makavu ya mhina, akayachekecha, akayakanda kwa ndimu, akaketi kando ya kandili na ujiti wa chelewa mkononi. Akauchora mkono wake wa kushoto tangu ncha za vidole hadi kifundo: masuke ya mpunga, mawimbi ya mto, na ua moja kubwa kiganjani.

Nikamwuliza, "Mama, na wa kulia je?"

"Mkono unaochora haujichori, baba," akanijibu. "Huo ni kazi ya mwenzangu."

Naam, mwenzake akaja. Alikuwa jirani yetu wa Kiorma, aliyetuletea maziwa kila asubuhi, nasi tukimpa mchele wakati wa mavuno. Akauchukua ujiti, akaumaliza mkono wa kulia, kisha mama naye akamchora yeye.

Asubuhi mama akaketi mbele ya kamera, mikono yote miwili ameiweka kifuani. Kijana mpiga picha akamwamuru aishushe. Alitaka uso na mabega tu. Kisha vidole vyote kumi vikatiwa wino mweusi na kukandamizwa karatasini, juu ya hina ambayo haijatimiza hata siku moja. Kitambulisho kilipokuja, mama alikitazama kitambo. "Huyu ni wa serikali," akasema, akakifunga katika pindo la leso.

Miaka mingi baadaye nikaanza kusoma habari za wanawake wa Ulaya waliojichora, na jambo lililonishika zaidi ni mikono. Yuko Catharina van Hemessen, aliyejichora mwaka 1548 akiwa ameketi mbele ya ubao wake, brashi mkononi; picha hiyo iko Basel, Uswisi. Juu yake ameandika kwa Kilatini jina lake, kwamba amejichora mwenyewe, na kwamba umri wake ni miaka 20. Yuko Sofonisba Anguissola wa Cremona, Italia, aliyejichora mara nyingi katika karne hiyo hiyo. Wanawake hawa hawakuruhusiwa kujifunza umbo la mwanadamu kwa kutazama watu walio uchi kama walivyofanya wanaume. Lakini uso wa mtu mwenyewe hauhitaji ruhusa ya yeyote, wala haudai ujira.

Shida ya mama yangu ilikuwa shida yao pia. Kioo hugeuza kulia kuwa kushoto, na mkono wenye brashi hauwezi kutulia utazamwe. Artemisia Gentileschi, katika picha aliyoichora yapata mwaka 1638, amejionyesha kwa ubavu, ameinama, mkono umeinuliwa kuelekea ubaoni. Wajuzi husema yamkini alitumia vioo viwili. Fikiri, msomaji: vioo viwili, apate kuuona mkono wake ukifanya kazi!

Chuoni Kipini, nilikosomea Kurani, maalimu wetu alitufundisha kuwa anayechora chenye roho ataambiwa siku ya Kiyama akitie roho, naye hataweza. Sikusudii kubishana na maalimu. Lakini ua halina roho, wala suke la mpunga. Na wanawake wetu, hapa Tana na Pwani nzima, wakapata njia ya kujichora bila kuchora uso. Lililo baya ni kwamba picha hiyo hufutika kwa wiki mbili tatu, na hakuna nyumba ya makumbusho iwezayo kuitundika.

Aliyetaka kubaki alishika kalamu. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utenzi wake mwaka 1275 wa Hijria, ndio 1858. Watu wengi huusoma kama mawaidha ya mke kwa mume basi, nami huona wanaupunja. Anaanza kwa kumwita binti yake karibu, akimweleza ugonjwa uliomshika mwaka mzima. Miongoni mwa nasaha zake ni kwamba asiache hina wala wanja. Na mwishoni anajitaja mwenyewe, kuwa ni binti wa Mshamu, mzaliwa wa Pate, akaweka na tarehe, sawasawa na yule Catharina. Hii ni sura ya mtu. Humkumbusha msomaji Frida Kahlo wa Meksiko, aliyevunjika mwili katika ajali ya basi mwaka 1925, akafungiwa kioo juu ya kitanda, akaanza kuchora alichokiona.

Utenzi huo ulichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1934 na Alice Werner pamoja na William Hichens. Bibi Werner ndiye aliyeandika pia hadithi za Wapokomo wa mto huu, mwaka 1913. Baadaye, tangu mwaka 1949, Joy Adamson aliagizwa na serikali ya kikoloni achore watu wa makabila ya Kenya wakiwa wamejipamba, akachora mamia. Kazi nzuri, na rangi zake zapendeza. Hata hivyo, nikizitazama hukumbuka kitambulisho cha mama: ni uso ulioamuliwa na mwingine. Imetubidi kungoja hadi Wangechi Mutu wa Nairobi ajitie mwenyewe ndani ya filamu zake, ile ya mwaka 2004 akikata gogo kwa panga, ile ya 2005 akitembea hadi kuingia baharini.

Mwaka 2012 Wapokomo na Waorma waliuana hapa Delta kwa ajili ya maji, malisho na siasa. Jirani yetu alihamishwa na wanawe usiku, wala hakurudi Garsen. Sikukuu iliyofuata mama aliuchora mkono wa kushoto kama ada yake. Mabinti zangu wakataka kumchora wa kulia, akawaambia wangoje kidogo, kisha akalala. Akafanya hivyo kila Idi hadi alipofariki mwaka 2016.

Studio moja ya Malindi ilitukuzia picha ya kitambulisho. Iko ukutani kwangu, inaishia mabegani.