Mlonge wa kopo, soya ya debe

Julai 2002, utafiti mkubwa wa Marekani uitwao Women's Health Initiative ulisitisha majaribio yake ya vidonge vya homoni mbili kwa wanawake waliokoma hedhi, baada ya kuonekana kwamba vinaongeza saratani ya matiti na kiharusi. Wengi wakaviacha vidonge wakakimbilia mimea, na wenye viwanda wakawahi kuwapokea.

Wimbi hilo katika wilaya za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, linafika kwa sura ya kopo la virutubisho vya mimea. Wakala wa kampuni za mauzo ya mtandao huliuza mkononi, kwenye vikoba na maofisini, mara nyingi kwa mkopo wa mwisho wa mwezi. Mnunuzi ni mama wa miaka hamsini na kitu anayelalamikia magoti, joto la ghafla usiku na usingizi wa mang'amung'amu.

Mshindani wa kopo ni unga wa mlonge wa sokoni, na hapo ndipo biashara ya nyumbani inapojiangusha. Mlonge hupenda joto la nyanda za chini kuliko baridi ya Kibondo, hivyo uchumaji ni wa kidogokidogo. Zaidi ya robo tatu ya uzito wa jani bichi ni maji, kwa hiyo gunia zima hurudi kuwa ndoo. Jani likianikwa juani linapoteza vitamini A. Linataka kivuli chenye hewa, na mvua za nyanda hizi huanza Oktoba zikafika Mei. Unga ulioanikwa vibaya unajulikana kwa macho: kijani kimefifia kuelekea njano, na mfuko unaopitisha mwanga unaumalizia.

Halafu kuna maneno ya muuzaji. Akisema unga wake ni chakula, mlango wake ni Shirika la Viwango, TBS, lililokabidhiwa usimamizi wa vyakula mwaka 2019, na mjasiriamali mdogo mwenye barua ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, hupata nafuu. Akisema unatibu, ameshaingia kwenye Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 na baraza lake, ambako atadaiwa ushahidi. Ushahidi wenyewe kwa mlonge na ukomo wa hedhi ni mwembamba. Na mama anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda asiuguse bila kumuuliza daktari, maana majani yake yana vitamini K nyingi.

Kwa maoni yangu fedha ya wilaya hizi iko kwenye soya. Isoflavoni zake zimepimwa zaidi, na hupunguza joto la ghafla, ingawa kwa kiasi tu. Ikichemshwa, ikakaushwa, ikakaangwa na kusagwa na ulezi, inauzwa kama unga wa lishe bila kumwahidi mtu ujana.

Kusaga si kikwazo tena kama zamani, tangu gridi ya taifa ilipofika mwaka 2022 na kuzipumzisha jenereta za dizeli. Kinachokwama ni shamba. Mkulima wa Kasulu anajua maharage yana mnunuzi atakayemfuata hadi mlangoni. Soya hajui ataipeleka wapi. Msagaji anayetaka mzigo wa Juni inabidi atangaze bei Septemba, mbegu zikiwa bado ghalani.