Mtoto Anayeachiwa Sweta: Kumwandaa Mwalimu wa Michezo (Sehemu ya Pili)

Wiki jana tulitazama sheria. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka wa 2008, na kifungu cha 30 kinataka watoto wenye ulemavu washiriki michezo sawa na wenzao, hata shuleni. Leo tuingie uwanjani.

Kipindi cha michezo kikianza, iwe Kitale au Bungoma, mtoto wa magongo aghalabu utamkuta chini ya mti akilinda sweta za wenzake. Mwalimu si katili. Anachelea mtoto asiumie. Chuoni alisoma aina za ulemavu, akafanya mtihani, akafaulu. Kumfundisha mtoto mwenyewe ndiko hakujaribu.

Dawa iko karibu. Kitale kuna shule ya viziwi, na Bungoma, kaunti yenye Chuo Kikuu cha Kibabii, kuna shule maalumu ya Nalondo ya wanafunzi wenye ulemavu wa viungo. Walimu wanagenzi wapelekwe huko sehemu ya muhula wa mazoezi ya kufundisha.

Mbele ya viziwi, mwanagenzi atagundua siku ya kwanza kwamba filimbi haimfai. Itabidi ashike kibendera. Atajifunza kuonyesha zoezi kwanza, ndipo aeleze kwa ishara, na asiwape watoto mgongo anapoeleza. Jua nalo limmulike yeye usoni: likiwa nyuma yake, uso na mikono huingia kivuli, na somo limepotea.

Kwa wasioweza kusimama kuna voliboli ya kuketi. Wavu wa wanaume huwa na kimo cha mita 1.15, wa wanawake mita 1.05, na uwanja ni mita 10 kwa 6. Kamba ya mkonge na vijiti viwili vyatosha. Wenye miguu mizima nao waketi wacheze. Wengi watashindwa vibaya, jambo ambalo si baya.

Asiyeona anahitaji mpira unaolia. Zamani ungeuviringisha mpira kwenye mfuko wa plastiki ukasikika ukikwaruza, ila mifuko hiyo ilipigwa marufuku 2017. Shonea njuga ndani ya mpira wa matambara.

Mbio zinataka mwongozaji, naye huandaliwa kama mkimbiaji. Mkimbiaji asiyeona Henry Wanyoike aliposhinda mita 5,000 katika Michezo ya Walemavu ya Sydney mwaka 2000, mwongozaji wake aliishiwa nguvu karibu na utepe, ikawa asiyeona ndiye anayemkokota mwenye macho. Kwa hiyo mwanagenzi afunze watoto wawili wawili, wameshikana kwa kamba fupi, hatua zao zikilingana, kabla ya kuwaruhusu wakimbie kasi.

Wakuu wa vyuo mnaopanga shule za mazoezi ya muhula ujao, ziandikeni na shule maalumu.