Ewaso Ng'iro: Mto Mmoja, Nchi za Kila Namna

Mtu asimamaye Archer's Post asubuhi isiyo na mawingu huweza kuuona Mlima Kenya upande wa kusini. Hapo alipo, jasho limekwisha kuanza kumtoka. Kule atazamako kuna barafu. Umbali uliopo kati ya mahali hapa pawili haufiki kilomita mia moja, lakini ni vigumu kupata katika Kenya nzima nchi mbili zilizotofautiana zaidi. Mto uziunganishao ni Ewaso Ng'iro, ambao jina lake kwa lugha ya Kimaasai na Kisamburu lina maana ya mto wa maji ya rangi ya udongo.

Sababu kubwa ya tofauti hiyo ni kimo. Kila mtu apandapo mita elfu moja, hewa hupungua joto kwa nyuzi sita hivi za Sentigredi. Archer's Post haifiki mita 1,000 juu ya bahari; kilele cha Batian ni mita 5,199, au futi 17,000 na zaidi kwa wazee waliozoea kipimo cha zamani. Sababu ya pili ni upepo. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi huupiga mlima upande wa kusini-mashariki na kumwaga mvua nyingi huko, kiasi cha kupita milimita 2,000 kwa mwaka mahali pengine. Zikisha kuvuka, huwa zimebakiwa na maji machache. Ndiyo maana Nanyuki, iliyo chini ya mlima ule ule, hupata kama milimita 700 tu.

Chini ya barafu na mawe kuna nchi ya nyasi ngumu na matope baridi. Huko baridi na joto havingoji miezi. Hugawana siku moja. Mchana jua huchoma ngozi, na usiku maji huganda. Mimea ya huko imejifunza kuishi hivyo. Lobelia moja hukusanya maji katikati ya majani yake. Usiku maji ya juu huganda na kuwa kifuniko, na yale ya chini hubaki bila kuganda, hata chipukizi changa kisidhurike. Mmea mwingine, senesio, unaopita kimo cha mtu, hauangushi majani yake makavu, bali hujifunika nayo shina kama blanketi. Katikati ya mawe huishi pimbi, wenye manyoya mazito kuliko ndugu zao wa mabondeni.

Kisha huja mianzi, ambayo upande wa kaskazini haionekani kwa kuwa ni pakavu mno, halafu msitu wa mitarakwa na mizeituni ya mwitu, yenye mashada ya kijivu yaning'iniayo kama ndevu. Wengi hudhani kwamba barafu ndiyo inayoulisha mto. Sivyo. Barafu imepungua sana tangu Halford Mackinder alipofika kileleni mwaka 1899, na sehemu yake katika maji ya mto ni ndogo mno. Mtunzaji wa maji ni ardhi ile ya matope na msitu ulio chini yake: hupokea mvua kwa haraka na kuitoa polepole, hata miezi isiyo na mvua. Akataye mti huko juu amtoboa mwenziwe mtungi.

Chini ya msitu ni mbuga na mashamba ya Laikipia: ngano, viazi, maua ya kuuza ng'ambo, na ng'ombe. Ndovu hutoka mbugani kwenda msituni na kurudi, na tangu mwaka 2011 wamekuwa wakipita chini ya barabara kuu ya Nanyuki na Meru katika njia waliyojengewa.

Baada ya hapo nchi huteremka na kukauka. Archer's Post hupata takriban milimita 350 za mvua. Miti ni migunga na, ukingoni mwa mto, mikoma. Choroa huacha joto la mwili wake lipande mchana kuliko kupoteza maji kwa jasho. Swala twiga husimama kwa miguu ya nyuma kula majani, naye aweza kuishi bila kunywa. Ng'ombe hawezi hayo, na Wasamburu wengi wameongeza ngamia katika mifugo yao.

Hapa ndipo penye ugomvi. Tangu miaka ya 1980 mto umekauka Archer's Post zaidi ya mara moja wakati wa kiangazi, maana mifereji na mabomba ya huko juu huchukua maji kabla hayajafika. Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ilivipa nafasi vyama vya watumiaji wa maji, na kwenye vijito kadhaa wanachama hugawana maji kwa zamu. Si kazi rahisi. Mkulima hapendi kufunga mfereji viazi vyake vikiwa katika maua, wala hamwoni mfugaji aliye chini akichimba mchanga kwa bakuli ili mbuzi wanywe.

Maji yanayosalia huendelea mashariki hata kinamasi cha Lorian, na huko mengi hupotelea ardhini na hewani. Lakini mvua ikinyesha mlimani, mto hufurika Archer's Post chini ya mbingu nyeupe, na watoto wachungao huhamisha mbuzi kutoka mchangani kabla hawajaona wingu hata moja.