Sherehe ya Mashine Kubwa, na Hofu ya Mionzi

Ndugu msomaji, sherehe ya kufungua jengo la umma unaijua. Mgeni rasmi hufika, hotuba husomwa, ngoma huchezwa, na watu hula. Tarehe 21 Oktoba 2008 ilifanyika sherehe ya namna hiyo huko Ulaya, karibu na mji wa Geneva, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Kilichofunguliwa kilikuwa mashine ya utafiti, kubwa kuliko zote za aina yake duniani. Rais wa Uswisi wakati huo, Pascal Couchepin, alihudhuria. Waziri Mkuu wa Ufaransa wakati huo, François Fillon, alihudhuria pia, pamoja na mawaziri wa nchi nyingi. Hotuba zilisomwa na muziki ulipigwa. Lakini siku hiyo mashine yenyewe ilikuwa imeharibika, na jambo hilo halikufichwa.

Utauliza: habari hii inahusu nini ukurasa wa afya? Inahusu, kwa sababu mashine hiyo ni ya ukoo mmoja na mashine inayotibu saratani. Na kama ile kubwa ilivyozushiwa uvumi, ndivyo na hii ndogo inavyozushiwa huku kwetu.

Mashine hiyo ni nini?

Ni mali ya kituo cha utafiti kinachoitwa CERN, kilichoanzishwa na nchi za Ulaya mwaka 1954. Imejengwa ndani ya handaki la duara, kiasi cha mita 100 chini ya ardhi. Mzunguko wa handaki hilo ni kilometa 27. Mtu akitembea kwa miguu kulizunguka mara moja, siku itamwishia humo.

Kila kitu tunachokishika kimeundwa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Mashine hukimbiza baadhi ya chembe hizo, ziitwazo protoni, mpaka zizunguke handaki zaidi ya mara 11,000 kwa sekunde moja. Nyingine huenda upande huu, nyingine upande ule, kisha hugonganishwa. Wataalamu hutazama kinachotoka katika mgongano huo. Sumaku kubwa ndizo zinazozuia chembe zisiache njia. Ili zifanye kazi, sumaku hizo hupozwa kwa heliamu mpaka nyuzi 271 chini ya sifuri.

Uvumi na ukweli

Kabla mashine haijawashwa, wako waliosema kwamba itatoboa shimo litakaloimeza dunia. Watu wengi waliingiwa na hofu. Wataalamu walijibu kwamba miale kutoka angani huipiga dunia kila siku, na mingine ina nguvu kuliko mashine hiyo. Dunia imepigwa hivyo tangu zamani na bado ipo. Mashine iliwashwa tarehe 10 Septemba 2008, na dunia haikumezwa.

Hitilafu ilitokea siku tisa baadaye. Kiungo cha umeme kati ya sumaku mbili kilishindwa, cheche zikatoboa chombo cha heliamu, na tani kadhaa za heliamu zikamwagika kwa kishindo. Sumaku nzito ziling'oka mahali pake. Hata hivyo hakuna mtu aliyeumia, kwa sababu sheria ya kazi hairuhusu mtu kuwamo handakini mashine inapofanya kazi. Matengenezo yalichukua zaidi ya mwaka mmoja. Mashine iliwashwa tena Novemba 2009, na tarehe 4 Julai 2012 CERN ilitangaza kwamba imegundua chembe iliyotafutwa kwa karibu miaka 50.

Hapo tunajifunza kwamba mionzi na umeme mkubwa vina hatari yake. Lakini hatari inayojulikana huwekewa sheria. Uvumi hauna sheria, na haumlindi mtu.

Ndugu yake mdogo hospitalini

Mashine ya Geneva haitibu mgonjwa. Ni ya kutafuta elimu. Lakini namna ile ya kukimbiza chembe hutumika hospitalini kwa mashine ndogo inayoenea chumbani. Mgonjwa wa kwanza kutibiwa kwa mashine ya namna hiyo alitibiwa London mwaka 1953. Nchini Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, inazo mashine hizo.

Hospitalini chembe hukimbizwa katika bomba fupi, zikagonga chuma, na kutoa mionzi. Mionzi huelekezwa penye uvimbe ili iue chembe hai za saratani. Mgonjwa hulala kitandani peke yake kwa dakika chache. Mhudumu hutoka nje kwa sababu yeye huwahudumia wengi kila siku, na mionzi kidogo kidogo ingemlimbikia. Hamkimbii mgonjwa.

Wapo akina mama wanaoambiwa wana saratani ya shingo ya kizazi, kisha wanarudi nyumbani kwa kuwa wamesikia kwamba "mionzi inaunguza watu". Ni kweli kwamba matibabu yanaweza kuchosha, kuharisha na kuathiri ngozi. Mweleze mganga mapema, atakusaidia. Lakini saratani iliyoachwa haingoji. Ikiwahiwa, wengi hupona. Ikichelewa, kinachobaki mara nyingi ni kupunguza maumivu tu.

Mambo ya kukumbuka

1. Mwanamke anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya kukoma hedhi, au anayetokwa uchafu wenye harufu mbaya, aende zahanati mara moja. Asingoje maumivu.
2. Aliyetibiwa kwa mashine hii haambukizi mtu mionzi. Kula naye, lala naye nyumba moja, mpe mtoto ampakate.
3. Mashine hii ikizimwa, mionzi yake hukoma, kama taa inavyozimika.
4. Mume na ndugu wamsindikize mgonjwa. Safari ya Dar es Salaam ni ndefu kwa mtu aliye peke yake.
5. Wasichana wapelekwe kupata chanjo ya kuzuia saratani ya shingo ya kizazi.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Kwa nini hakuna aliyeumia mashine ya Geneva ilipoharibika?
2. Ni uvumi gani juu ya mionzi unaosikika kijijini kwenu? Nani anaweza kuwaeleza ukweli?
3. Kijiji kinaweza kumsaidiaje mgonjwa asiye na nauli ya kwenda kutibiwa?