Tofali Zisizokula Kuni

Ndugu mkulima, kiangazi huku Mwanza ni msimu wa tanuri. Tunafyatua tofali, tunakata miti, tunachoma. Nyumba moja ikisimama, kuni za kupikia za miezi mingi zimekwisha, na mama wa nyumba anazifuata mbali zaidi. Usukuma hatuna miti ya kuchezea.

Ipo njia nyingine. Mwaka 1971 Serikali ilianzisha kitengo cha utafiti wa ujenzi Dar es Salaam, ambacho tangu 2001 ni Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi. Wakala huo unahimiza tofali za udongo na saruji kidogo, zinazoshindiliwa kwa mashine ya mkono. Hazichomwi kabisa.

Kazi kubwa ni kuujua udongo. Ule mweusi wa mbuga usiuguse: masika huvimba, kiangazi hupasuka, na ukijenga juu yake hupasuka pamoja na ukuta wako. Luseni tupu nayo ina mchanga mno, tofali humeguka. Ondoa udongo wa juu wenye mizizi, chukua wa chini, uupime. Tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60 kwa ndani, upana 4 na kina 4. Kipake mafuta, kijaze udongo wenye unyevu, shindilia, weka kivulini siku 7. Halafu sukumia udongo wote upande mmoja, upime pengo. Likiwa chini ya milimita 15, changanya debe 1 la saruji kwa madebe 18 ya udongo. Likiwa kati ya 15 na 30, madebe 16. Likizidi hapo, ongeza mchanga upime tena. Mchanga ni rahisi kuliko saruji.

Ukishafyatua, usianike juani! Hapo ndipo wengi huharibu. Saruji hukomaa kwa maji, si kwa jua. Panga kivulini, funika kwa majani au nailoni, nyunyizia maji asubuhi na jioni kwa siku 7 au zaidi, kisha ngoja zitimize wiki 4 ndipo ujenge.

Ukuta huo mnene hupokea joto la mchana polepole, na usiku wa baridi wa Juni na Julai hulirudisha chumbani. Ila bati tupu bila dari litalitoa lote nje. Msingi uwe wa mawe, nayo Mwanza hayajakosekana, uinuke juu ya ardhi, na paa litokeze vya kutosha mvua isipige ukuta.