Mulungwishi: Je, ni maji ya ubatizo ndiyo yanayookoa?

Katika familia nyingi za Haut-Katanga, mazungumzo ya ndoa yanaweza kukwama kwenye swali moja: bwana arusi amebatizwa wapi, na kwa namna gani?

Tuchukue mfano ambao wengi watautambua. Kijana amezaliwa katika nyumba ya Kimethodisti. Akiwa mtoto mchanga, pasta alimmwagia maji kichwani mbele ya kanisa lote. Mchumba wake anasali kwa Wapentekoste. Mali ya ndoa imekwisha kutolewa, wajomba wamekubaliana, kitambaa kimenunuliwa. Ndipo kanisa la upande wa pili linasema: kwanza azamishwe mtoni, halafu tutazungumza habari ya arusi.

Anayeumia zaidi ni mama yake. Ikiwa ubatizo ule haukuwa kitu, mtoto wake ameishi miaka hiyo yote nje ya wokovu? Na yule mwingine, aliyezikwa akiwa na miezi miwili kabla ya siku ya kubatizwa kufika, yuko wapi leo?

Swali hili lina uzito wa pekee Mulungwishi, upande wa Likasi, kwenye barabara ya kwenda Kolwezi. Kituo hiki cha misioni ndicho makao ya Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Katanga, na wachungaji wengi wa Kimethodisti wa eneo hili wamesomea teolojia hapa. Lakini wakazi wa Mulungwishi, kama wa Likasi na Kambove, ni majirani na mashemeji wa Wakatoliki, Wapentekoste, Waadventista na wafuasi wa William Branham. Nyumba moja inaweza kuwa na batizo tatu chini ya paa moja.

Wamethodisti: ubatizo haurudiliwi

Mafundisho ya Wamethodisti yako wazi. Ubatizo ni sakramenti: ni ishara ya neema ya Mungu inayomtangulia mtu hata kabla hajajua kusema. Ndiyo sababu wanabatiza watoto wachanga. Kunyunyiza, kumwaga au kuzamisha, njia zote tatu zinakubalika. Kisichokubalika ni kurudilia. Waraka juu ya ubatizo uliopitishwa na Mkutano Mkuu wa Kanisa la Muungano la Methodisti mwaka 1996 unaeleza kwamba katika ubatizo anayetenda ni Mungu, na kazi ya Mungu haihitaji kufanywa mara ya pili. Anayetaka kuanza upya baada ya kuanguka anaalikwa kurudia ahadi zake mbele ya kanisa, bila kubatizwa tena.

Hata hivyo, Wamethodisti hawasemi kwamba maji peke yake yanatosha. Mwanzilishi wao, John Wesley, alibatizwa akiwa mtoto nchini Uingereza mwaka 1703. Alikuwa padri wa Kianglikana kwa miaka mingi kabla ya ile jioni ya Mei 24, 1738, mjini London, alipoona moyo wake umeguswa na akapata uhakika wa kusamehewa. Baadaye alihubiri mara nyingi kwamba mtu asijifiche nyuma ya ubatizo wake wa utotoni huku maisha yake yakikana ahadi aliyopewa.

Wapentekoste: imani kwanza, maji baadaye

Upande wa pili nao una historia ndefu Katanga. Mwaka 1915, William Burton na James Salter kutoka Uingereza walifika Mwanza, katika nchi ya Waluba, wakaanzisha misioni ambayo matunda yake yameenea kote Katanga. Wao walibatiza watu waliokwisha kuamini, na waliwazamisha mwili mzima.

Hoja yao si ndogo. Yesu aliingia Yordani akiwa mtu mzima. Filipo na yule towashi wa Ethiopia walishuka wote wawili majini. Paulo, katika Warumi sura ya 6, anafananisha ubatizo na kuzikwa pamoja na Kristo, na hakuna anayezikwa kwa kunyunyiziwa udongo kidogo kichwani. Zaidi ya yote, wanauliza: mtoto wa wiki tatu ametubu dhambi gani? Kwa mtazamo huo, kumzamisha kijana wa Kimethodisti si kumbatiza mara ya pili. Ni mara ya kwanza.

Lakini ukisikiliza vizuri, Wapentekoste wengi hawafundishi kwamba maji ndiyo yanayookoa. Kwao mtu anaokolewa kwa imani, kisha anabatizwa kwa kutii. Mtoto akifa bila ubatizo, wao husema yuko mikononi mwa Mungu. Wanaokaza zaidi ni yale makanisa yanayobatiza kwa jina la Yesu peke yake, kama wafuasi wa Branham, ambao huwabatiza upya hata waliokwisha kuzamishwa kwa jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu.

Wakatoliki: ni lazima, lakini mlango haukufungwa

Kanisa Katoliki ndilo linalosema kwa nguvu kwamba ubatizo ni wa lazima kwa wokovu. Kwa sababu hiyo hiyo linaruhusu mtu yeyote, hata asiye padri, kumbatiza anayekaribia kufa, mradi atumie maji, ataje Utatu, na awe na nia ya kufanya kile ambacho Kanisa hufanya. Pia linakubali ubatizo wa Wamethodisti, na Mmethodisti anayeingia Katoliki habatizwi tena.

Lakini Kanisa hilo hilo linafundisha kwamba aliyeuawa kwa ajili ya imani kabla ya kubatizwa amebatizwa kwa damu yake. Mfano uko karibu nasi, Uganda. Mwezi Mei 1886, Karoli Lwanga alimbatiza kijana Kizito na wenzake wakiwa wanajua kwamba kifo kiko mlangoni. Mwenzao Mukasa Kiriwawanvu hakuwahi kubatizwa kwa maji. Alichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni akiwa bado mkatekumeni. Mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita alimtangaza mtakatifu pamoja na wengine 21, na jina lake halikuwekwa chini ya majina yao.

Kuhusu watoto wachanga, mwaka 2007 tume ya wanateolojia ya Vatikani ilitoa waraka, kwa idhini ya Papa Benedikto wa Kumi na Sita, ukieleza kwamba kuna sababu nzito za kutumaini kuwa Mungu huwaokoa wale waliokufa bila ubatizo. Waraka unazungumzia tumaini, wala haudai kujua kwa hakika. Lakini kwa mama aliyemzika mtoto wa miezi miwili, tumaini ni kitu kikubwa.

Wasiotumia maji kabisa

Kongo inalo pia kanisa linalobatiza bila maji. Wakimbangu hubatiza kwa sala na kuwekewa mikono, wakisema ubatizo wao ni wa Roho. Nabii wao Simon Kimbangu alifia gerezani hapa hapa Katanga, mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1951. Jeshi la Wokovu, lililofika Kongo mwaka 1934, nalo halibatizi kwa maji. Hata hivyo Jeshi la Wokovu, Wamethodisti, Wabatisti na Wapentekoste wengi wanakaa pamoja ndani ya Kanisa la Kristo katika Kongo, ECC. Viongozi wanaketi meza moja, huku chini, vijijini na kwenye mitaa, arusi zinavunjika.

Biblia inasema nini?

Kila upande unapata mistari yake. Katika Yohana 3, Yesu anamwambia Nikodemo habari ya kuzaliwa kwa maji na kwa Roho. Barua ya kwanza ya Petro, sura ya 3, inasema wazi kwamba ubatizo unaokoa, lakini papo hapo inaeleza kwamba kinachohesabiwa ni dhamiri mbele ya Mungu, si mwili kuoshwa uchafu. Upande mwingine, mnyang'anyi msalabani aliahidiwa paradiso bila tone la maji. Nyumbani kwa Kornelio, katika Matendo 10, Roho alishuka kwanza na maji yakafuata. Na ukisoma Marko 16:16 polepole, utaona imani na ubatizo vinatajwa pamoja kwa wokovu, lakini kwa hukumu kinatajwa kitu kimoja tu, kutoamini.

Hata juu ya kurudilia kuna mvutano. Waefeso 4 inazungumza juu ya ubatizo mmoja. Matendo 19 inasimulia jinsi watu wa Efeso waliokuwa na ubatizo wa Yohana walivyobatizwa kwa jina la Yesu. Lakini hao walikuwa hawajasikia hata habari za Roho Mtakatifu, jambo ambalo ni vigumu kulisema juu ya kijana aliyekulia katika masomo ya Jumapili.

Maji yalipofanywa hakimu

Katanga ina sababu yake ya kuwa na uangalifu. Mwaka 1925, mtu wa Nyasaland aitwaye Tomo Nyirenda alizunguka Rhodesia ya Kaskazini akihubiri kwa njia yake mwenyewe mafundisho ya Watchtower aliyoyasikia. Alijiita Mwana Lesa, yaani Mwana wa Mungu. Aliwazamisha watu mtoni, na yule ambaye mwili wake haukuzama wote alihesabiwa mchawi na kuuawa. Alipovuka mpaka, aliendelea kuua kusini mwa Katanga, na waliokufa upande wetu walikuwa wengi kuliko wa upande ule. Alinyongwa mwaka 1926.

Hakuna kanisa la leo linalopaswa kufananishwa na yeye. Lakini historia hiyo inaonyesha hatari ya kuwatenganisha watu wa Mungu na wasio wa Mungu kwa kipimo cha maji. Ishara iliyotolewa ili kumkaribisha mtu inageuka kuwa kamba ya kumfunga.

Kabla ya arusi kuvunjika

Kwa familia zilizo katika hali kama ile ya kijana wetu, njia iko. Wachungaji wa pande mbili wakutane kabla wajomba hawajagombana. Kila upande uulizwe swali moja bila kuzunguka: je, mnafundisha kwamba mtu huyu, anayemkiri Kristo, hajaokolewa kwa sababu ya kiasi cha maji? Makanisa mengi tuliyoyataja hapa, yakifuata mafundisho yao wenyewe, yatajibu hapana. Kinachobaki hapo ni utaratibu wa kanisa na dhamiri ya kijana mwenyewe. Akichagua kuzamishwa, achague kwa imani yake, asisukumwe kwa sababu ya mke.

Na mama yake asiambiwe kwamba alichofanya siku ile, akiwa amemshika mtoto mbele ya madhabahu, kilikuwa bure. Kuhusu yule mdogo aliyezikwa, Mmethodisti, Mkatoliki na Mpentekoste wanatofautiana kwa mengi, lakini hapo wote watatu wanamwelekeza kwenye rehema ya Mungu.