Kura ni Ushahidi

Kila mwaka itolewapo tuzo ya Ballon d'Or, baraza zetu hugeuka mahakama. Vijana hubishana hadi sauti zikapaa, na wengine wakanuniana kwa ajili ya mchezaji asiyewajua. Twaona ni vyema, ndugu wasomaji, tuitazame kura yenyewe, kwani ndani yake mna funzo kwa watu wa nyumba zetu.

Tuzo hii ilianzishwa mwaka 1956 na jarida la Ufaransa liitwalo France Football. Waandishi 16 wa nchi za Ulaya ndio waliopiga kura. Kila mmoja alitaja wachezaji watano. Wa kwanza akapata alama 5 na wa mwisho alama 1. Mshindi alikuwa Stanley Matthews wa Uingereza, mzee wa miaka 41, kwa alama 47. Alfredo Di Stéfano wa Real Madrid alipata 44.

Kwa miaka mingi tuzo ilikuwa ya raia wa nchi za Ulaya pekee. Ndiyo maana Pelé hakuwahi kuipata alipokuwa akicheza. Mlango ulipofunguliwa mwaka 1995, mwaka huo huo aliingia George Weah wa Liberia akaitwaa. Waama, ustadi wa Mwafrika haukuzaliwa siku ile. Kanuni ndiyo iliyokuwa imeufunika.

Mwaka 1996 Matthias Sammer wa Ujerumani alipata alama 144, naye Ronaldo wa Brazil 143. Lau mwandishi mmoja tu, aliyewapanga wawili hao wakifuatana na Sammer mbele, angaligeuza nafasi zao, Ronaldo ndiye angalishinda. Kalamu ya mtu mmoja ilitosha kuamua.

Hapa ndipo penye uzito. Kupiga kura ni kutoa ushahidi, na ushahidi ni amana. Mwandishi hakuulizwa ampendaye, ameulizwa nani bora. Maswali hayo ni mawili, na dhulma nyingi huzaliwa pale yanapochanganywa.

Nasi tusidhani jambo hili ni la Ulaya tu. Mzazi huulizwa na wanawe nani kakosea. Mwalimu humteua mwanafunzi wa kutunukiwa. Majaji wetu huketi katika mashindano ya kuhifadhi Qur'ani mwezi wa Ramadhani, na mbele yao amesimama mtoto wa jirani, au wa ndugu, au wa yule waliyekosana naye. Mtoto aliyenyimwa haki yake siku hiyo huenda asirudi tena kusoma.

Siku hizi kura za waandishi hao huchapishwa, kila jina na chaguo lake. Ajuaye kuwa karatasi yake itasomwa hadharani huchunga kalamu. Zetu nazo zitasomwa, Siku ya Hesabu, mbele ya Asiyefichwa kitu.

Wallahu aalam.